Safu ya Sita

Juu ya friji nyumbani kwetu Tandika, Dar es Salaam, kuna kaunta buku yenye jalada jeusi ambayo mgeni akiiona hudhani ni ya wadaiwa wa genge la mama. Ndani yake kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula na kugawanywa katika safu sita. Tano za kwanza tuliagizwa na daktari: saa aliyoshuka kitandani mdogo wangu, saa aliyozungumza na mtu kwa mara ya kwanza siku hiyo, saa aliyoanza kazi au masomo, saa aliyokula chakula cha usiku, na saa aliyopanda kitandani kulala. Safu ya sita niliiongeza mimi kwa kalamu nyekundu, na juu yake niliandika neno moja tu, "simu". Humo tunaandika saa ambayo simu yake iliwekwa chini kwa mara ya mwisho.

Mimi ni mhasibu. Ninaamini vitabu vya hesabu kuliko ninavyoamini kumbukumbu za watu, zangu zikiwemo, na katika miaka minne ya kumuuguza mdogo wangu nimeona jinsi familia moja inavyoweza kukosea mara mbili juu ya kitu kilekile, kwanza kwa kukitwisha lawama zote, kisha kwa kukifumbia macho kabisa. Ninaandika kwa ruhusa yake. Ameisoma rasimu, amefuta aya mbili nilizokuwa nikizipenda, na ameniomba nisitaje jina lake wala shule yake. Hospitali nazo nitaziacha bila majina.

Alimaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba akiwa na miaka 17. Asiyeujua utaratibu wetu wa Tanzania aelewe kwamba kijana akimaliza kidato cha nne hukaa nyumbani hadi Julai ya mwaka unaofuata, kwanza akisubiri matokeo, kisha akisubiri kupangiwa shule, na kwa mtoto aliyezoea bweni, kengele ya alfajiri na foleni ya uji, miezi hiyo haina kichwa wala miguu. Mjomba alimpa simu janja yake ya zamani yenye ufa kwenye kona ya kioo. Kufikia Februari kijana alikuwa halali usiku na haamki mchana. Alipungua, akaacha kwenda uwanjani, akawa anajibu salamu kwa kunyanyua nyusi. Matokeo yalipotoka, tena yakiwa mazuri, aliyasoma, akageuza simu kifudifudi, akalala.

Kila mtu alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa moja. Mama alisema simu itamtoa macho. Majirani walisema vijana wa siku hizi wameharibiwa na mitandao. Mimi, niliyesoma kidogo kuwazidi, nilisema maneno yaleyale kwa lugha ya kisomi zaidi: kwamba ana uraibu. Baba hakusema mengi. Ni fundi umeme, na fundi umeme akiona kitu kinaunguza hukata njia ya umeme kwanza, maswali baadaye. Jioni moja aliichukua ile simu, akaifungia ndani ya sanduku lake la vifaa pamoja na testa na koleo, funguo akaiweka mfukoni.

Simu ilikaa sandukuni siku 11, na siku 11 hizo mdogo wangu aliendelea kulala akiwa ameelekea ukutani. Hakuoga isipokuwa alipolazimishwa. Chai aliyopelekewa asubuhi ilikutwa mchana ina utando juu. Usiku tulimsikia akigeuka kitandani, maana kitanda chake kina chaga moja iliyolegea inayolia kila anapojigeuza, na ililia hadi adhana ya alfajiri. Jambo ambalo sasa nikilikumbuka nakosa raha ni kwamba hakuidai simu yake hata mara moja. Mtu tuliyemwita mraibu alinyang'anywa kitu anachodaiwa kushindwa kuishi bila ya hicho, naye hakuuliza kimewekwa wapi. Lilikuwa jaribio safi ambalo mtafiti angelitamani, lilifanyika ndani ya nyumba yetu, chini ya macho yetu, na matokeo yake hatukuyasoma. "Ananuna," baba alisema, "zitamwisha."

Aliyeyasoma ni shangazi, mkunga mstaafu, aliyekuja kutuletea mihogo. Aliingia chumbani, akakaa naye kitambo, akatoka akamwuliza mama swali moja: "Huyu mtoto mara ya mwisho amecheka lini?" Mama alikosa jibu, akaanza kulia. Wiki ile tulikwenda hospitali, na baada ya safari tatu tulipewa neno ambalo hatukuwa tumelitumia nyumbani kwetu kwa mtu yeyote: sonona. Mama aliuliza kama ndiyo ile ya kufikiria sana, kwa kuwa hivyo ndivyo watu wa kwetu wanavyoieleza. Daktari alisema inafanana nayo, ila mgonjwa hachagui kufikiria wala hawezi kuacha kwa kuambiwa aache.

Kwa hiyo kosa letu la kwanza lilikuwa kuutazama ugonjwa tukauita simu. Kijana hakukosa usingizi kwa sababu anashika simu. Alishika simu kwa sababu usingizi ulikuwa umemkimbia, na saa nane usiku katika nyumba ya vyumba vitatu hakuna kitu kingine kinachowaka. Tulipoteza karibu miezi minne tukipigana na mwanga badala ya kuuliza ni nani anayekaa macho pale nyuma yake.

Nilianza kusoma, kama wafanyavyo watu wenye hatia. Nilichokuta kwanza ni kwamba hata wataalamu hawajakubaliana kitu hiki kiitweje. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la mwongozo wake wa kuainisha magonjwa, ulioanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, limeutambua ugonjwa wa michezo ya kidijitali, na limeuweka jirani na ugonjwa wa kamari. Masharti yake ni makali kuliko wazazi wengi wanavyofikiri: mtu ashindwe kuudhibiti mchezo, mchezo uyapite mambo mengine yote ya maisha yake, na aendelee nao ingawa unamdhuru, hali hiyo ikidumu kwa kawaida miezi 12. Hakuna ugonjwa uitwao mitandao ya kijamii katika orodha hiyo, wala ugonjwa wa video fupi, wala ugonjwa wa simu. Watafiti wengi wamechagua maneno ya tahadhari, wakisema matumizi yenye matatizo, na mimi nimeyapenda kwa sababu yanamlazimu msemaji aeleze tatizo lenyewe ni lipi.

Kisha nikakutana na takwimu zilizoniudhi kikazi. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha uchambuzi wa data za vijana zaidi ya 350,000 wa Marekani na Uingereza, wakaonyesha kwamba matumizi ya teknolojia ya kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za hali njema kati ya vijana hao. Kwa kulinganisha walitaja mambo mengine yaliyomo katika data zilezile, na ikaonekana kuvaa miwani kunaambatana na hali mbaya zaidi kuliko skrini, na kula viazi mara kwa mara kunaikaribia skrini. Ndugu zangu wa ofisini walifurahi sana kwa habari hiyo, kila mmoja akiwa na simu mkononi.

Lakini wastani ni kitu ninachokijua kwa karibu. Duka likipata faida kubwa Kariakoo na jingine likifa Mbagala, wastani utasema biashara inakwenda, na mwenye duka la Mbagala atafukuzwa kwenye pango huku karatasi ikimpongeza. Vijana 350,000 wakichanganywa pamoja, aliye mzima anayecheka na wenzake mtandaoni anamfunika aliye mgonjwa anayetazama dari. Ilibidi kusubiri hadi 2025 ndipo nikasoma utafiti uliowatenganisha. Watafiti wa Cambridge, Orben akiwa miongoni mwao, walichukua data za vijana 3,340 wa Uingereza wenye umri wa miaka 11 hadi 19, ambao wataalamu walikuwa wamewapima kwa kina mwaka 2017 ili kujua nani ana ugonjwa wa akili na nani hana. Waliokuwa na ugonjwa walisema wanakaa kwenye mitandao ya kijamii takriban dakika 50 zaidi kwa siku kuliko wenzao. Wenye sonona na wasiwasi walijilinganisha na wengine zaidi, hali yao ya moyo ilipandishwa na kushushwa zaidi na maoni na idadi ya waliopenda machapisho yao, na walikiri zaidi kwamba muda unawaponyoka. Watafiti wenyewe wameonya kwamba data hizo haziwezi kusema kipi kilitangulia. Mimi nilizisoma nikiwa nimekwisha kuliona nyumbani jibu ambalo si la kisayansi hata kidogo: kwetu vilipokezana.

Hapo ndipo linapoingia kosa la pili, na hili ni langu kuliko la mtu mwingine yeyote.

Baada ya kupewa jina la ugonjwa, nyumba nzima iliona aibu. Baba alifungua sanduku, akairudisha simu akiwa ameifuta vumbi, na hakuna aliyethubutu kuizungumzia tena. Kwa kuwa simu haikuwa chanzo, tuliamua kwamba haina neno. Mama alisema ndiyo starehe yake pekee, aachwe. Mimi nilikwenda mbali zaidi, nikawa namnunulia bando. Na kwa kuwa ninapenda kubana matumizi, nilimnunulia bando la usiku, lile linaloanza saa sita za usiku na kuisha alfajiri, ambalo kwa bei ya soda linampa mtu intaneti ya kumtosha hadi kuku wawike. Sina ugomvi na kampuni za simu. Mitambo yao haina kazi usiku, na mwenye bidhaa inayolala huipunguzia bei. Ila nataka iandikwe mahali kwamba kwa muda wa miezi mitano nilimlipia mgonjwa wa usingizi akae macho, na nilijisikia vizuri kila nilipobonyeza kitufe cha kuthibitisha.

Kwa haki, simu ilimfaa. Ndani yake alikutana na vijana wengine, wa Mwanza, wa Mombasa, mmoja wa Bujumbura, waliokuwa wakieleza kwa Kiswahili chepesi yale ambayo yeye alishindwa kutuambia. Ni kutoka kwao alipata namna ya kueleza ule uzito wa mwili wa asubuhi. Aliniambia ni kama kuvaa nguo zilizolowa. Alikumbushwa dawa na rafiki ambaye hajawahi kumwona uso kwa uso. Mzazi anayesema simu haina faida yoyote kwa kijana wa namna hii hajakaa usiku na kijana wa namna hii. Kuoga kunamtaka mgonjwa wa sonona aamue mambo ishirini, kuanzia kukaa kitako hadi kutafuta taulo, na kila uamuzi unamlemea, wakati kupandisha video inayofuata kunataka kidole gumba peke yake. Katika siku ambayo hana nguvu za kitu kingine, hicho ni kitu anachokiweza, na kukiweza kitu kunamtuliza.

Tatizo ni jinsi kitu hicho kilivyotengenezwa. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha zamani, kwa kutumia njiwa, kwamba ndege anayepewa punje kila anapodonoa kitufe hudonoa kwa wastani, lakini anayepewa punje kwa kubahatisha, mara hii ipo na mara ile haipo, hudonoa bila kukoma. Mashine za kamari zinafanya kazi kwa kanuni hiyo, na mwenye kutia mkeka wa mpira kila Jumamosi anaijua hata kama hajasikia jina la Skinner. Mwaka 2006 Mmarekani mwingine, Aza Raskin, alibuni ukurasa unaojiongeza wenyewe kadiri msomaji anavyoteremka, na baadaye amesema hadharani kwamba anaujutia. Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Redio ilikuwa na wimbo wa taifa wa kufungia matangazo. Kijana ambaye ugonjwa wake umemwondolea uwezo wa kusema "sasa basi" amepewa chombo ambacho kimeondolewa mahali pa kusemea hivyo.

Usiku mmoja, nilipokwenda jikoni kunywa maji, alinionyesha simu yake bila mimi kuomba. "Dada, tazama," akasema, "inanijua." Alipandisha video saba mfululizo nikiwa nimesimama. Ya kwanza ilikuwa ya mtu anayepika. Zilizofuata, tano kati ya sita, zilikuwa za huzuni: sauti ya kinanda, mvua dirishani, maandishi meupe juu ya giza kuhusu mtu kuchoka. Alinieleza kwamba wiki iliyopita aliitazama moja hadi mwisho, mara mbili, basi. Algorithimu, yaani kanuni za kompyuta zinazoamua video gani ifuate, haina nia mbaya na mtu. Inapima kidole kimesita wapi, na kidole cha mgonjwa husita penye maumivu yake, kama ulimi unavyorudi kwenye jino bovu.

Hili lina mfano wake mahakamani. Molly Russell, binti wa miaka 14 wa kaskazini-magharibi mwa London, alifariki Novemba 2017. Uchunguzi wa kifo chake ulipokamilika Septemba 2022, ilielezwa kwamba katika miezi sita ya mwisho wa uhai wake kulikuwa na machapisho 16,300 ya Instagram aliyoyahifadhi, kuyapenda au kuyasambaza, na kati ya hayo 2,100 yalihusu sonona, kujidhuru au kujiua. Msimamizi wa uchunguzi huo, Andrew Walker, hakuandika kwamba mitandao ilimwua, wala hakuandika kwamba ugonjwa peke yake ulimwua. Alihitimisha kwamba alifariki kwa tendo la kujidhuru akiwa anaugua sonona na athari mbaya za maudhui ya mtandaoni. Sentensi hiyo nimeirudia mara nyingi kwa sababu imebeba vitu viwili bila kukidondosha hata kimoja, jambo ambalo sisi Tandika lilikuwa limetushinda.

Mwaka uliofuata, mdogo wangu akiwa kidato cha tano na likizoni nyumbani, tulidhani amepona. Alikuwa mchangamfu, anaongea, anapanga mambo. Usiku wa kwanza hakulala kabisa na asubuhi alikuwa na nguvu kutuzidi sote. Usiku wa pili alituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa lake jumbe za sauti zaidi ya 60, nyingine za dakika nne, akieleza mpango wa kuanzisha kiwanda. Usiku wa tatu alikopa. Simu yake ilikuwa na programu nne za mikopo ya mtandaoni, zile ambazo hazimwulizi mtu lolote zaidi ya namba ya kitambulisho na ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu, na alikopa kutoka zote kati ya saa saba na saa kumi usiku, fedha akawatumia watu aliodhani ni wabia wake. Siku ya nne alilazwa.

Daktari wa wodini alitueleza kwamba ugonjwa wenyewe ni baipola, ambao kwa wengi huanza kwa sura ya sonona na kujifunua baadaye upande wa pili, mchangamko uliopitiliza. Alitueleza pia jambo ambalo hatukuwahi kuambiwa na yeyote: kwa mgonjwa wa namna hii, kukosa usingizi ni dalili na pia ni kiberiti. Usiku mmoja wa kukesha unaweza kuwasha kile ambacho dawa imekuwa ikikizima kwa miezi. Nilimwuliza kuhusu mwanga wa kioo, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba mwanga wenye rangi ya buluu unachelewesha melatonini, kemikali inayouambia mwili kwamba giza limeingia. Alisema ni kweli, ila tusiishie kwenye mwanga, maana watu hupunguza mwanga wa kioo kisha wakaendelea kugombana na mtu asiyemjua hadi saa tisa. Kinachomwamsha ni yaliyomo.

Wakati yeye yuko wodini, wakopeshaji walianza kupiga. Walipiga kwa mama, kwa mjomba, kwa mwalimu wa hesabu, kwa fundi wa pikipiki aliyekuwa na namba yake kwa bahati tu, wakimwita mwizi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina 69 ya majukwaa na programu za mikopo ya mtandaoni zinazofanya kazi bila leseni, nami niliisoma orodha ile kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo. Wanaozungumzia vijana na skrini huzungumza sana juu ya video na michezo. Kwa kijana wa Dar es Salaam aliyepandishwa juu na ugonjwa huu, skrini ni benki isiyofunga, na ni kipaza sauti kilichounganishwa na kila mtu aliyewahi kumfahamu. Madeni tuliyalipa kwa miezi tisa. Aibu ya zile jumbe za sauti bado anailipa yeye.

Ndipo tukapewa daftari. Chanzo chake, nilikuja kujua, ni kazi ya Ellen Frank na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh nchini Marekani, waliojenga tiba inayomsaidia mgonjwa wa baipola kushika mpangilio wa siku yake, kuamka saa ileile, kula saa ileile, kukutana na watu saa ileile, kwa hoja kwamba mpangilio ukivunjika usingizi huvunjika, na usingizi ukivunjika ugonjwa huingia. Daktari wetu, mwenye foleni ya watu arobaini nje ya mlango, hakutueleza historia hiyo. Alichora safu tano nyuma ya karatasi ya dawa akasema tujaze na turudi nayo.

Nilipoongeza safu ya sita nilitaka ushahidi wa kuishtaki simu. Baada ya miezi mitatu nilikaa na daftari lile Jumapili moja nikalipitia kama ninavyopitia hesabu za kampuni. Saa nyingi za mchana hazikuonyesha lolote. Kulikuwa na Jumamosi aliyocheza mpira wa simu saa sita mfululizo na kulala kama mtoto. Kilichojitokeza ni usiku. Simu ilipopita saa sita usiku kwa siku mbili zinazofuatana, siku ya tatu safu ya pili, ile ya kuzungumza na mtu kwa mara ya kwanza, iliteleza kutoka saa moja asubuhi hadi saa saba au nane mchana. Ilikuwa hivyo mara saba kati ya nane. Hilo ni daftari moja la mtu mmoja, na mhasibu yeyote atakwambia huwezi kufunga mwaka kwa risiti nane. Lakini daktari alilitazama muda mrefu, kisha kwa mara ya kwanza akamwuliza mdogo wangu mwenyewe, badala ya kutuuliza sisi, "Usiku unaogopa nini?"

Alijibu kwamba anaogopa kimya. Taa ikizimwa mawazo yanakuja yote kwa pamoja, na simu inayafukuza. Nilikuwa nimeishi naye ukuta kwa ukuta bila kumwuliza.

Wanaoshauri kunyang'anya simu hawalijibu hilo. Wala hawalijibu wanaoshauri sheria, kama ile ya Australia iliyoanza Desemba 2025 kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti za mitandao ya kijamii. Huenda ikawafaa watoto wa kule, ila mdogo wangu ana miaka 21 sasa, na hakuna bunge litakalomlaza. Tulinunua redio ndogo ya betri na saa ya kengele, zote Kariakoo, kwa sababu kisingizio cha kila mtu ni kwamba simu ndiyo inayomwamsha. Redio inasema bila kumwuliza msikilizaji anapenda nini, na anapoacha kuisikiliza haijui. Kisha mama akatoa hotipoti yake ya zamani, ile ambayo mfuniko haukazi, akaiweka juu ya friji. Saa nne na nusu usiku simu zote za nyumba zinaingia humo.

Zote, na hapo ndipo vita ilipokuwa. Kijana alikubali siku ya kwanza. Baba alisema wateja humpigia usiku umeme ukileta hitilafu, na kweli humpigia, basi tukakubaliana yake iingie ikiwa na sauti. Wiki ya pili iliita saa saba usiku ndani ya hotipoti, nyumba nzima ikaamka, na hakuwa mteja bali kundi la wastaafu wa kikosi chake cha zamani wakitumiana dua. Tangu hapo amenyamazisha kundi. Mechi za Ulaya za katikati ya wiki zilileta mjadala mwingine, kwa kuwa huanza saa nne au saa tano za usiku kwa saa zetu, na mdogo wangu alidai haki yake kwa hoja nzuri kuliko wakili. Suluhisho ni baba kwenda naye kibanda umiza cha kutazamia mpira mara moja kwa mwezi, usiku wa hatua kubwa tu, na kesho yake kuamshwa saa ileile ya kila siku hata kama macho ni mekundu. Baba, ambaye alisema ataenda kumlinda, sasa ana timu.

Amewahi kuanguka tena. Mei iliyopita ukurasa mzima wa safu ya sita una namba za saa tisa, saa kumi, na siku mbili hazina kitu kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuandika. Dawa ilibadilishwa. Hotipoti ilikuwepo palepale juu ya friji muda wote huo, na haikuzuia.

Mwezi huu kazi ilinipeleka Dodoma wiki mbili za ukaguzi, na daftari nilimwachia yeye. Niliporudi nilikuta kila mstari umejazwa, kwa mwandiko wake mdogo ulioinamia kushoto, simu saa nne na nusu, saa nne na nusu, saa tano kasoro, saa nne na nusu. Kando ya safu ya sita alikuwa amechora nyingine ya saba kwa rula, nadhifu kuliko zangu, na juu yake ameandika "dada". Chini yake zilikuwepo saa ambazo WhatsApp ilionyesha kwamba nilionekana mtandaoni kwa mara ya mwisho, alizozinakili kila asubuhi baada ya kutoa simu yake kwenye hotipoti: saa saba na robo, saa nane kasoro dakika kumi, saa nane na nusu, saa saba.

Nilimwuliza hii ni nini. "Si umesema tuandike kila kitu?" akajibu, akanipa kalamu nyekundu nijaze ya jana, ambayo hakuipata kwa kuwa basi lilinichelewesha.